Mwenyekiti Asiyeonekana

Siku Nolasco alipoingia ofisi ya chama cha kahawa pale Kamuli hakwenda kutapeli. Tumpe haki yake: alikwenda kuchaji simu. Lakini mtu aliyekwisha kuwauzia wazee wa Rubwera miwani ya kutambulia noti bandia, na akina mama wa Karagwe sabuni ya kufukuzia panya na mawifi, mtu huyo hata akija kuchaji simu macho yake hayakai kitako.

Nyuma ya meza alikaa Eustadia, karani wa chama, binti wa Mzee Gideon wa Kaisho. Nolasco alimpenda kwa moyo wake wote, yaani kile kipande ambacho hakijapata mteja. Kikwazo kilikuwa kimoja. Mzee Gideon alishasema: mahari ni mtamba, tena mwenye afya, afike kwa miguu yake Jumapili hii, asipofika, bwana shamba naye anaulizia. Nolasco hakuwa na mtamba. Hakuwa hata na kuku wa kumwazima jina.

"Hivi vitaa vya kijani kwenye kioo ni vya nini?" aliuliza, akijisogeza.

"Ni waliomo," alisema Eustadia. "Kompyuta hii ni nyumba ya wengi. Mimi naingilia hapa, Rwegasira anaingilia ghalani, mwenyekiti kwenye simu yake. Ukiingia, taa inawaka kwenye jina lako na chumba ulichomo kinaandikwa. Ni kama viatu mlangoni. Ukifika kwetu ukakuta ndala za mama na buti za baba, utauliza nani yumo?"

"Si Rwegasira yuko msibani Nkwenda?"

"Yuko huko. Lakini hapa hatoki mtu kabla ya mwenyekiti kutoka, ni adabu. Na mwenyekiti hajui pa kutokea."

Nolasco akainama zaidi. "Mbona wewe humo?"

Eustadia akatabasamu. "Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba nzima nawaona, mmoja tu simwoni."

"Mwizi."

"Nipe mji."

"Chukua Rubwera."

"Rubwera nilikwenda, nikanywa chai kwa maandazi, hakuna aliyenipigia magoti, nikarudi. Ni mwenye kuangalia! Ukurasa huu unakuonyesha wenzako, wewe haukuonyeshi. Mwenyekiti akiufungua kwake, mimi ataniona, mwenyewe hatajiona. Ila hajawahi kuufungua kwake. Hajui hata ulipo."

Nolasco akakuna kidevu. Na Nolasco akikuna kidevu, kuna mtu mahali fulani anaanza kuhesabika masikini.

"Baba anapenda mtamba wa kahawia mwenye kipaji cheupe," Eustadia akaongeza huku akipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Kama yule wa mwenyekiti, anayefungwa pembeni."

Mwenyekiti Polikarpi alikuwa mzee wa kanisa na wa tumbo, na tumbo ndilo lililotangulia kumkaribisha mgeni. Akamwekea Nolasco kisahani cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi, akatia punje moja mdomoni.

"Shikamoo mzee mwenyekiti."

"Marahaba. Unauza nini leo?"

"Leo siuzi, mzee. Leo nakuonea huruma. Juzi jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa nyumbani."

"Kwenye kompyuta, mzee. Ulikuwa chumba cha uzito wa kahawa, unazungukazunguka penye jina lako. Taa imekuwakia kama jicho la paka."

Nolasco alibahatisha tu, ila Polikarpi aliimeza ile punje nzima. "Nilikuwa naangalia tu!"

"Ndiyo huruma yangu. Mtu mzima, mwenyekiti, unaangaliwa ukiwa unaangalia." Nolasco akashusha sauti hadi ile aliyoiweka akiba kwa wajane na matajiri. "Lakini naweza kukuzimia taa. Uingie, utembee, umkumbuke mkulima mmoja aliyesahauliwa, umwongezee kilo zake za haki, na asikuone mtu."

"Mkulima gani huyo?"

"Si wewe, mzee?"

Polikarpi alilifikiria jambo hilo kwa uzito unaostahili. "Ni kweli," akasema. "Nimesahauliwa sana."

Nolasco akapewa simu. Akaielekeza upande wa Uganda, akaielekeza upande wa Rwanda, akaipulizia, akaipangusa kwa leso, akabonyeza mahali pamoja tu palipokuwa na maana.

"Haya. Soma waliomo."

"Eustadia... Rwegasira... Joyness wa mizani..."

"Mwenyekiti je?"

Polikarpi akasoma juu hadi chini, akarudi chini hadi juu. "Hayumo!"

"Na wewe hapo umeingia, hukuingia?"

"Nimeingia."

"Basi. Umo, lakini humo."

Mzee wa kanisa akacheka mpaka kisahani kikacheza. Akatoa mbuzi. Nolasco akaikamata simu kana kwamba anataka kuwasha taa upya. Akatoa mbuzi wawili. Nolasco akasema yeye anataka mtamba, yule wa kahawia mwenye kipaji cheupe, aliyefungwa pembeni.

"Yule?" Polikarpi alishtuka kidogo, kisha uso ukamlainika kama siagi juani. "Yule mchukue. Mchukue kabisa, kijana wangu."

Alikubali upesi mno, na tapeli mzuri angejiuliza kwa nini. Lakini jioni ile Nolasco hakuwa tapeli. Alikuwa mchumba.

Jumapili, watu wakiwa ibadani, Nolasco alishika njia ya Kaisho na mtamba wake. Alivaa shati la mikono mirefu na viatu vya ncha alivyovipata kwa njia ambayo si ya leo. Njia nzima alimhutubia ng'ombe juu ya maisha ya ndoa. Walipofika njia panda ya kwa Mzee Gideon, mtamba akaacha kusikiliza, akaanza kuvuta kamba yeye.

"Taratibu, mama! Hata mimi nina haraka na wakwe."

Mtamba akampitisha migombani mbio, viatu vya ncha vikila tope, wakatokea uani. Hapo akajikwanyua, akaingia zizini bila kuongozwa, akasimama ubavuni mwa jike mmoja mzee. Jike yule akaanza kumlamba shingo.

Mzee Gideon alikuwa barazani na mkewe. Eustadia naye alikuwepo. Bodaboda ilishamfikisha kutoka Kamuli. Nolasco akavua viatu mlangoni, akavipanga vizuri ncha zikitazama ndani, akaamkia, akakalishwa kwenye kiti cha mgeni.

"Bihogo!" Mzee Gideon alikuwa bado amekodolea zizi.

"Umeshampa jina, baba mkwe?"

"Nilimpa alipozaliwa."

Nolasco akacheka kwa adabu, akingoja wengine wacheke. Hawakucheka.

"Yule anayemlamba ni mama yake," alisema Mzee Gideon. "Wakati wa ukame majani yaliisha hapa, nikampeleka kwa Polikarpi anitunzie. Mvua zikarudi, ng'ombe hakurudi. Kila nikimfuata naambiwa bado anazoea."

Nolasco akageuza shingo polepole. Eustadia alikuwa akimenya ndizi kwa utulivu wa mtu anayemenya ndizi.

"Ulijua?"

"Baba amekwenda na wazee mara ngapi, wamerudi mikono mitupu. Nikaona anayetakiwa ni mtu mwenye maneno matamu."

"Na mahari yangu?"

"Kijana," alisema Mzee Gideon, na sauti yake ilikuwa ya shukrani ya kweli, ndiyo maana iliuma, "umenirudishia ng'ombe wangu. Mungu akubariki. Kunywa maziwa. Halafu nenda kalete wako."

Nolasco alikuwa ndiyo kwanza amepokea kikombe cha maziwa, Eustadia alipoendelea.

"Tena unywe upesi. Mwenyekiti leo aliingia chumba cha uzito katikati ya mahubiri, simu ndani ya kitabu cha nyimbo. Mimi niko kwaya, namwona kwenye simu yangu anajiongezea kilo, taa inawaka. Baada ya ibada tukawa na mkutano wa wanachama, nikaufungua ukurasa mbele ya wote. Unajua alifanyaje? Alisimama akasema, 'Hata mkitafuta, mimi simo!' Jina lake liko juu kabisa, la kijani, na chumba chake pembeni."

"Wakasemaje?"

"Wamemvua uenyekiti pale pale. Akanifuata mlangoni, ananiuliza Nolasco kaelekea wapi."

"Ukasemaje?"

"Nimelelewa kanisani, mimi. Nilisema Kaisho."

Pikipiki ikanguruma kilimani. Nolasco hakuaga. Alipitia jikoni, akaruka beseni la maharage, akajitupa migombani, akalala kifudifudi nyuma ya shina nene, peku kama alivyozaliwa.

Polikarpi akashuka, jasho likimtiririka, fimbo mkononi.

"Nolasco yumo?"

"Viatu si unaviona, mzee?" alijibu Eustadia kwa sauti ya asali. "Karibu, usubiri."

Polikarpi akavitazama vile viatu vya ncha. Kama kuna jambo alilojifunza siku ile, ni kwamba taa ikiwaka, mwenyewe yumo. Akaketi mkabala navyo, fimbo juu ya magoti. Mzee Gideon akamwekea kisahani cha kahawa ya kutafuna, akavuta kiti, akaanza kumwuliza habari za Bihogo, kama sasa ameshazoea.

Kule migombani siafu walikuwa wameshaanza kazi kwenye vidole vya Nolasco, naye hakuthubutu kujikuna. Alichungulia kati ya majani. Alimwona mtamba aliyekuwa wake asubuhi nzima. Alimwona Mzee Gideon, alimwona mwenyekiti aliyeonekana. Alimwona Eustadia akiinua macho kuelekea migomba, akimenya ndizi, akitabasamu kama aliyetega akangoja kupewa mji.

Nyumba nzima aliwaona. Mmoja tu hakumwona, na huyo ndiye siafu walikuwa wanamla.