Saa ya Nyumba ya Mzee Rimoti

Jumatatu moja asubuhi Digrii alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limemjaa kidevuni, alipoona riziki yake ikilowana ng'ambo ya barabara.

Riziki yenyewe ilikuwa mzee mmoja mnene, kavaa suti ya kijivu, kasimama katikati ya bustani yake na dalali wa nyumba, akimwonyesha kwa mkono ukuta huu na dirisha lile. Ghafla vinyunyizio vya bustani vikafunguka vyote kwa pamoja. Dalali akaruka kama kakanyaga kaa la moto. Mzee hakuruka. Alichomoa rimoti mfukoni akaanza kuibonyeza huku anaitukana, na kadiri alivyobonyeza ndivyo nyumba ilivyozidi kumjibu: taa za nje zikawaka na jua lote lile, pazia zikashuka, geti likafunguka lenyewe likabaki wazi kama mdomo wa mtu aliyeshangaa.

"Kuna nini pale?" Digrii aliuliza.

"Kwa Mzee Rimoti," kinyozi akasema bila hata kugeuka. "Nyumba inajiendesha yenyewe. Zamani ilijiendesha vizuri. Siku hizi ina kichaa. Juzi mzee yuko mezani anakunywa chai, king'ora kikalia kwamba kaingia mwizi."

"Na mafundi waliomfungia mitambo?"

"Walitaka hela ya kuja kuangalia. Akawafukuza. Yule mzee hata kivuli chake angekipangisha."

Sasa, msomaji, yafaa umjue Digrii kabla hajavuka barabara. Jina hilo alipewa na waliomdai, kwa sababu kila alipokutana na mtu alikuwa na digrii mpya: ya mabomba, ya meno ya ng'ombe, ya ndoa zenye matatizo. Hakuwa mwizi, na ukimwita mwizi alikasirika kwelikweli. "Mwizi anavunja mlango," alipenda kusema. "Mimi nafunguliwa, tena nakaribishwa."

Nusu saa baadaye alikuwa amefunguliwa na kukaribishwa.

"Shikamoo mzee. Nilipita tu barabarani, nikasikia nyumba yako inalia."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nafunga mashine hizi kule kampuni, kabla sijachoka na dhuluma zao. Wanawatoza watu bei za kuua."

Neno *dhuluma* lilimwingia mzee kama mafuta kwenye bawaba. Akamshika Digrii mkono, akampeleka moja kwa moja chini ya ngazi. Ukutani palikuwa na boksi jeupe, kioo kidogo usoni, nyaya zinaingia na kutoka. Digrii alikuwa hajawahi kuona kitu kama kile maishani mwake. Akaguna, akaligonga kwa kucha, akaliwekea sikio.

"Ahaa."

"Ahaa nini?"

Digrii alikuwa bado anaitafuta maana ya ahaa yake, ndipo macho yake yakaangukia saa iliyoandikwa kwenye kioo. Akatazama ya mkononi. Ya boksi ilikuwa mbele kwa dakika ishirini na nne.

"Mzee, unaona mashine hii inavyohesabu saa kuanzia usiku wa manane? Na sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Sasa imekaa na nyinyi muda mrefu, imeanza kusikiliza mazungumzo yenu. Imechanganyikiwa. Haijui imfuate nani."

"Lahaula!" Mzee akashika kichwa. "Inatibika?"

"Kila kitu kinatibika, mzee. Ni uwezo tu wa mgonjwa."

Akabonyeza huku na huku mpaka akapata mahali pa kurekebisha saa, akairudisha nyuma dakika ishirini na nne. Basi. Saa sita kamili geti likafunguka saa sita kamili. Mzee akatoa noti huku anaziangalia kama anazisindikiza makaburini.

Wakati huo mke wa mzee, aliyekuwa amesimama nyuma yao na chai tangu Digrii anabonyeza, akasogea. Alikuwa mama mpole, mfupi, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa uzi. Kila mtu mtaani alimwita Bi Taratibu.

"Karibu chai, baba. Pole na kazi." Akachungulia boksi. "Hivi hii saa ya humu ndani inajuaje ni saa ngapi?"

Digrii alitabasamu. Wanawake wazima wenye maswali walikuwa sehemu aliyoipenda katika kazi yake. "Ah, mama, hayo ni mambo mazito."

"Nieleze tu kidogo. Mimi mtu wa jikoni."

Hakuwa na la kueleza, basi akaahidi kulieleza siku nyingine.

Siku nyingine ilifika upesi. Jumatano mzee alimpigia simu anatweta. Nyumba ilikuwa imemfungia nje na taulo. Boksi sasa lilikuwa mbele kwa dakika arobaini nzima.

Digrii alipofika alikuta mzee ameshavaa nguo lakini hajavaa subira.

"Sikiliza, kijana. Jumamosi saa nne anakuja mnunuzi. Ana pesa, na anaitaka nyumba hii kwa sababu moja tu: inajiendesha. Nataka ijiendeshe kwa saa moja. Moja! Akishasaini, ikitaka ipande juu ya paa lake yenyewe, shauri yake."

"Saa moja ya utulivu ni bei nyingine, mzee."

"Sikulipi hata thumni leo. Nyumba ikiuzwa, unapata fungu la..." Mzee akasita, akameza mate, akataja fungu.

Hapo ndipo Digrii alipofanya kosa ambalo wajanja wote huonywa wasilifanye: alipiga hesabu. Fungu lile lingemtosha kuhama mji kwa heshima, mchana, akiwa na mizigo. Akampa mzee mkono. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akawa na sababu ya kutaka kitu kitengenezwe kweli.

Alhamisi aliingia asubuhi na bisibisi mpya. Akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, simu mkononi, akisoma na kutazama video za watu wenye sauti za usingizi wanaoeleza habari za saa. Alisoma mpaka shingo ikauma. Na polepole, bila kupenda, akaanza kuelewa.

Bi Taratibu alileta chai. "Umeshapata jibu la swali langu?"

"Nimelipata, mama!" Digrii alisema, na furaha yake, ajabu, haikuwa ya kuigiza. "Hili boksi lina saa yake ndogo ndani, lakini haina akili sana. Inakosea sekunde saba, nane kwa siku. Si kitu. Ila zikirundikana miezi sita, ni dakika ishirini na kitu. Kwa hiyo limeundwa liwe linauliza. Kila baada ya muda linatoka kupitia mtandao, linabisha hodi kwenye saa kuu huko mbali: samahani, saa ngapi? Linajibiwa, linajirekebisha."

"Kumbe. Na letu lina kiburi? Haliulizi?"

"Halikuweza kutoka, mama. Kuna mtu alibadilisha neno la siri la intaneti, akasahau kuliambia boksi."

"Mume wangu," akasema Bi Taratibu. "Alisema majirani wanamwibia intaneti. Ni kama miezi sita."

"Ndiyo hiyo! Tazama." Digrii akaandika neno jipya la siri. Kioo kikafikiri kidogo, kisha saa ikaruka yenyewe hadi mahali pake, sekunde kwa sekunde na ya simu. Digrii akapiga makofi. Aliwahi kumuuzia mtu mtumbwi wenye tundu na hakuona raha kama hiyo.

"Umesoma kweli, baba," Bi Taratibu akasema. "Na hiki kidude hapa cha kuwasha na kuzima, ni cha nini?"

"Hicho ndicho kinachoruhusu boksi kuuliza saa. Kisiguswe. Kikizimwa, mama, ndiyo basi. Litafuata saa yoyote ambayo mtu ataliandikia."

"Mpaka mtu aje huku chini ya ngazi?"

"Wala. Hata kwenye ile tableti yenu ya jikoni."

"Makubwa," akasema Bi Taratibu, akaokota kikombe.

Kilichomponza Digrii ni furaha. Mtu aliyetulia angejiuliza: kama saa hii inakosea sekunde nane kwa siku, zile dakika arobaini kati ya Jumatatu na Jumatano zilitoka wapi? Lakini swali hilo lilipita mbele yake, likampungia mkono, naye hakuliona. Badala yake alikwenda dukani, akanunua kwa pesa yake mwenyewe ruta mpya yenye nguvu zaidi, mtandao usije ukayumba. Muuza duka alimuuliza mara mbili kama ana uhakika anataka kulipa.

Ijumaa yote saa haikukosea hata sekunde moja. Digrii alilala kama mtoto.

Jumamosi saa nne kasoro dakika tano mnunuzi aliteremka kwenye gari: bwana mrefu, viatu vyeupe, harufu ya manukato ikimtangulia. Mzee Rimoti alikuwa getini na tabasamu la kukodi. Digrii alisimama pembeni, kavaa ovaroli, mikono nyuma, kama mkuu wa shule siku ya mahafali.

"Hapa bwana huna haja ya kugusa kitu," mzee alianza. "Nyumba inakujua. Saa nne kamili pazia zitafunguka zenyewe, muziki laini utaanza..."

Walipofika katikati ya bustani, vinyunyizio vikafunguka.

Viatu vyeupe vilikimbilia barazani. Mlango ukajifunga mbele ya mnunuzi. Akageukia gari, geti lilikuwa linajifunga, na likamwachia nafasi ya kutosha mguu mmoja tu. Ndani king'ora kikaanza kulia, pazia zikapanda na kushuka kama zinawapepea wageni, na feni ya sebuleni ikashika kasi hadi ikapeperusha karatasi za mauziano kutoka mezani, moja moja, kupitia dirishani, zikaenda kutua kwenye maji.

"Hii si nyumba!" mnunuzi alipiga kelele kutoka juu ya ukuta, maana alishapanda. "Hili ni jini!" Akarukia upande wa pili, na ndiyo ikawa mara ya mwisho kuonekana mtaani.

Digrii alikimbia hadi chini ya ngazi. Saa ya boksi ilisema saa mbili usiku, wakati wa nyumba kujifunga na kumwagilia bustani. Kile kidude alichosema kisiguswe kilikuwa kimezimwa. Na chini yake boksi lilikuwa limeweka kumbukumbu, kwa maandishi madogo yasiyojua kusema uongo: saa imebadilishwa kwa mkono, saa tatu na dakika hamsini na nane, kutoka tableti ya jikoni.

Jikoni Bi Taratibu alikuwa anakausha vikombe. Tableti ilikuwa kando yake, imefunikwa kitambaa.

"Ni wewe, mama."

"Ni mimi, baba. Kaa."

Digrii akakaa.

"Ile ya mwanzo haikuwa mimi," Bi Taratibu akasema. "Ilijiharibikia yenyewe. Lakini nikaona madalali wanavyolowana na kuondoka, nikasema, kumbe Mungu yupo. Halafu ukaja wewe ukaitengeneza. Jumatatu nilitazama vidole vyako unapobonyeza, Jumatano nikajaribu. Nilitaka kujua zaidi, ukanieleza mwenyewe."

"Lakini kwa nini?"

"Watoto wanne nimewalea humu. Ule mlango una alama za vimo vyao. Mwenzangu ameamua kuuza, na mimi nimepata habari kwa dalali." Alikunja kitambaa taratibu, pembe kwa pembe. "Nikisema hapana, atasema mimi mwanamke sijui biashara. Nyumba ikisema hapana, atasema nini?"

Digrii alijikaza. Alikuwa na hasara ya ruta na siku nzima ya kusoma. "Na mimi nikimwambia mzee?"

"Mwambie. Na mimi nitamwambia kwamba nilipiga simu kampuni. Hawakujui, baba. Hata kwa picha."

King'ora kilikuwa kimechoka, kikanyamaza chenyewe.

"Kwa hiyo unataka nini, mama?"

"Nenda kamwambie haitapona. Kwa ule uso wako wa kitaalamu."

Akaenda. Mzee alikuwa kakaa kwenye ngazi ya baraza, anakamua tai. Digrii aliinama mbele yake na kumwambia uongo wa gharama kubwa kuliko wote aliowahi kusema, maana mwingine wowote ulimpa pesa na huu ulimnyang'anya.

"Mzee, nimejitahidi. Ugonjwa umeingia kwenye kuta. Kila mnunuzi atakayekuja, itamfanyia hivi hivi. Inawakataa wageni. Nyinyi wenyewe mkikaa, itatulia."

"Inawakataa?"

"Kabisa."

Bi Taratibu alitokea mlangoni, machozi yanamlengalenga. "Mume wangu, pole. Ulikuwa na mipango mizuri. Basi tufanyeje? Tutabaki nayo hivi hivi, tuvumilie."

Sauti yake ilikatika palepale ilipopaswa kukatika. Digrii alikuwa kwenye kazi hii mwaka wa kumi na tisa, ameshalia misibani kwa watu asiowajua, lakini hakuwahi kusikia kitu safi namna ile. Mzee alimshika mkewe mkono. Akampapasa. Akasema labda ni kheri, madalali wenyewe ni wezi.

Bi Taratibu alimsindikiza Digrii mpaka getini. Geti lilifunguka kwa wakati.

"Ruta yangu, mama?"

"Inashika vizuri mpaka chumbani. Asante sana." Kisha akasogea karibu, akampa kikaratasi kilichokunjwa mara mbili. "Huyu ni dada yangu, upande wa pili wa mji. Nyumba kama hii hii, na mume kama huyu huyu. Huyo mume anataka kuuza, na mnunuzi anakuja wiki ijayo. Nimeshamwambia nina fundi. Jumatatu, saa nne. Safari hii utalipwa, lakini kazi nitakupangia mimi."

Digrii alifungua mdomo atoe moja ya digrii zake. Akaufunga, akakitia kikaratasi mfukoni.

"Ndiyo, mama," akasema.

Jumatatu alifika saa tatu na nusu.