Bukta ya Mpwa Wangu na Suruali za Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Juni

Siku njema! Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amefuzu kwenda Olimpiki. Mita elfu moja na mia tano. Redio imesema ndiye tumaini pekee la medali la nchi nzima. Nimewaambia wateja wote kwamba miguu ile imetoka upande wetu wa ukoo. Baba yake alikuwa mtu wa kutembea kama anayehesabu mawe.

Jioni akaja kibandani kwangu na bukta ya timu. Kamati imeagiza bukta za wanaume, saizi moja kwa wote. Kiuno kinampwaya, inateremka. Nyingine haruhusiwi kuvaa. Anaomba niipunguze na kutia lastiki mpya. Kazi ndogo, chai haipoi. Nikamwambia aiache, kesho itakuwa tayari. Akanieleza kwamba akipata medali, posho yake ya mazoezi itaendelea. Akikosa, inakatwa, na mbio zitakuwa zimeishia hapo, atafute kibarua. Nikamwambia aache kuita mikosi.

Lakini habari kubwa ni nyingine. Viongozi wa msafara wanatafuta fundi wa kuwashonea suti! Wanamichezo watatu, viongozi kumi na tisa. Hii ndiyo nchi inayojali mafundi.

Alhamisi, 6 Juni

Zipu, fundi wa ng'ambo ya barabara, kaonekana akiingia ofisi ya Mwenyekiti wa Kamati na kitabu cha mitindo kwapani. Mnafiki! Mtu ambaye koti lake la mwisho lilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Nami nikaenda. Nikajitambulisha kama Mjomba wa Medali. Nikamweleza Mwenyekiti kwamba suti iliyoshonwa na damu ya mwanariadha ina baraka zake. Akacheka mpaka tumbo likamtikisika, akanipa kazi yote. Nimeula!

Zipu anatangaza mtaani kwamba nimemfanya mtoto wa watu ngazi. Wivu tu. Kwanza si mtoto wa watu, ni wetu.

Mpwa kapita kuulizia bukta. Kesho.

Jumanne, 18 Juni

Nimepata wazo. Kwa nini suti zipande ndege na fundi abaki anafagia vipande vya vitambaa? Mwenyekiti ni mtu wa kula akashiba, kisha akaongeza. Basi suruali zake zote nimezishona mshono wa nyuma kwa uzi wa kushikizia, ule unaokatika mtu akikohoa. Zikimpasukia mara moja tu, atajua hawezi kusafiri bila mimi. Nimecheka peke yangu mpaka sindano ikanichoma.

Dada kaja kuulizia bukta ya mwanawe. Nikamwambia wakubwa kwanza, mtu wa nyumbani husubiri. Akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamjibu kwamba hii ni bukta, si nyumba. Akaondoka bila kuaga. Dada yangu hajawahi kuelewa biashara.

Jumamosi, 6 Julai

Hafla ya kuwaaga wanamichezo. Ukumbi umejaa. Mwenyekiti kahutubia kirefu kwamba mcheza kwao hutunzwa. Makofi. Akainama kuichukua bendera amkabidhi mpwa wangu, na suruali ikafanya chwaaa! Nyuma yote wazi. Nami nilikuwa tayari, sindano imechomekwa kwenye kola. Nikamvuta nyuma ya pazia, nikamwokoa. Akatoka anatangaza kwamba fundi huyu lazima asafiri.

Katibu akasema nafasi zimejaa. Wakanong'ona. Kisha wakamfuta Kocha.

Kocha ni mwalimu mstaafu. Kamfundisha mpwa wangu tangu alipokuwa anakimbia pekupeku, bila kulipwa na mtu. Alipoambiwa, hakubisha. Alikaa kwenye kiti, akauliza tu nani atamwangalia mtoto huko. Nikamwambia mimi mjomba wake nipo. Akasema haya. Nilimwonea huruma, kweli kabisa. Lakini yeye keshamaliza kufundisha. Kilichobaki ni kukimbia, na hilo mtoto analijua.

Jumatatu, 22 Julai

Uwanja wa ndege. Suti zinang'aa, viongozi wote wamependeza. Zipu kaja kuangalia, roho inamuuma. Raha iliyoje!

Mpwa akaniomba bukta yake mbele za watu. Ilikuwa kwenye mkoba, chini ya suruali za Mwenyekiti, kama alivyoiacha. Nikampa. Kocha, aliyekuja kuaga, akaishika kiunoni, akaivuta, akaniangalia. Afadhali angenitukana. Akatoa pini mfukoni, ile aliyokuwa akimbandikia namba kifuani tangu mashindano ya shule. Akamwonyesha jinsi ya kukunja kiuno na kukibana kwa ndani.

Nikawaambia ni ya muda tu. Tukifika, nashona. Cherehani changu kidogo cha mkono ninacho.

Jumatano, 7 Agosti

Ugenini. Sisi viongozi (nami sasa ni kiongozi, nina kitambulisho) tuko hotelini. Wanamichezo wako kwenye mabweni yao huko mbali. Kazi haiishi. Vifungo vinakatika, mapindo yanafumuka, vyakula vya hapa havina mwisho.

Mpwa kavuka mchujo, akavuka na nusu fainali! Nimeruka kitandani. Kanipigia simu. Hakutaka pongezi. Anasema pini inamchoma ubavuni na imeanza kulegea, kila anapokimbia anaiwazia bukta badala ya kuwawazia wenzake. Fainali ni Jumamosi. Nikamwambia ailete Jumamosi asubuhi, naapa kwa cherehani changu.

Jumamosi, 10 Agosti

Niandike upesi kabla moyo haujagoma.

Mpwa alikuja asubuhi kwa basi, bukta mkononi. Nikaweka lastiki mezani, nikatia uzi kwenye cherehani. Nilikuwa nimedhamiria, Mungu ni shahidi. Mara mlango ukagongwa. Mwenyekiti! Kavaa taulo. Suruali ya pili imepasuka wakati wa kunywa chai, na ya tatu imepasuka alipoijaribu. Ana mkutano na wageni wakubwa, kisha uwanjani, kamera zote zitamlenga. Anataka zote mbili, sasa hivi.

Nilisahau kwamba nilizishona zote kwa uzi ule ule.

Nikamwambia mpwa anisubiri kidogo. Akakaa kitandani. Nikashona. Mwenyekiti kasimama juu yangu, anahema. Basi la kuwarudisha wanariadha likafika. Mpwa akasimama, akachukua bukta yake mezani, akaikunja. Akasema, basi Mjomba, si neno. Nikamwambia kesho. Ndivyo ulimi wangu ulivyosema, kesho, na fainali ni leo.

Mwenyekiti akaenda uwanjani na suruali ya pili. Ya tatu akaniachia, isije ikahitajika. Nikatazama kwenye runinga, suruali mapajani. Mpwa wangu alikimbia! Mizunguko yote alikuwa na wale wa mbele. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia, akapita mmoja, akapita wa pili, nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikauona mkono wake wa kushoto. Umeshuka kiunoni na haupandi tena. Mtangazaji akasema huenda tumbo limembana. Mimi nilijua. Alikimbia mita zote za mwisho kwa mkono mmoja, mwingine umeshikilia bukta.

Wa nne.

Alipita mstari bado ameshika kiuno. Hakuanguka chini kama wenzake. Asingeweza kuiachia.

Nililia. Nililia kama mtoto, na suruali ya Mwenyekiti ikaloa yote. Ikabidi niipige pasi upya.

Jumapili, 11 Agosti

Mwenyekiti kawaambia waandishi kwamba Kamati ilitoa kila kitu, ila mwanariadha hakujituma. Nilikuwa nyuma yake nikimnyoosha kola. Ningeweza kusema neno. Midomo ilifunguka kabisa. Lakini koti lilikuwa limemkaa vizuri sana begani, nikaogopa kumtikisa.

Nimefikiri sana kosa liko wapi. Ni pini. Kocha angenunua pini imara.

Jumatatu, 2 Septemba

Nyumbani. Dada hasemi nami. Akinikuta njiani anavuka kwenda upande wa Zipu.

Mpwa kapita kibandani leo. Kakonda. Posho imekatwa. Ameanza kazi ya kufungasha sabuni kiwandani, zamu ya alfajiri, saa zake za mazoezi. Nikamuuliza mbio je. Akasema, mbio zimekwisha, Mjomba. Hakusema kwa hasira. Akaweka ile pini mezani, akaniomba nimrudishie Kocha, yeye hana uso wa kumwona. Akaniachia na bukta, niitumie kusafishia cherehani.

Alipoondoka nilifunga mlango nikalia tena. Kisha nikakaa nikaishona. Nikapunguza kiuno, nikatia lastiki mpya, mshono mara mbili, uzi bora kuliko wote nilionao. Haikuchukua muda hata kidogo. Imetoka nzuri! Nikaitundika kwenye hanga dirishani, aione akitoka kazini. Labda atabadili nia. Labda ataijaribu.

Mchana simu. Mwenyekiti! Kuna michezo ya bara mwakani, anataka suti mpya. Ananiamini mimi tu. Zipu ataumwa! Nimekwishakata suruali, na mshono wa nyuma nimeushona kwa uzi wa kushikizia, maana mwakani nako nafasi za ndege zitakuwa chache. Pini ya Kocha imenifaa sana, nimebania kola ya Mwenyekiti.

Tatizo ni hanga, limebaki moja, na koti la Mwenyekiti likikunjwa linaharibika. Bukta nimeitoa dirishani, nimeiweka chini ya vitambaa. Mpwa ni mtu wa nyumbani, ataelewa. Nitampelekea kesho.