Aliye Macho Ndiye Kaimu

Napenda kuutangazia umma wa Iringa, Mbeya na popote pengine ambapo watu bado wanacheka bila utaratibu, kwamba tatizo la likizo limepatiwa ufumbuzi. Kwa miaka mingi wananchi wamekuwa wakienda kwenye bustani za michezo, wanapanda bembea tangu asubuhi, wanakula bisi, wanapiga kelele, kisha wanarudi nyumbani wamechoka kuliko walivyokwenda. Jumatatu wanasinzia kazini. Nchi haijengwi hivyo. Ndiyo maana Bustani ya Furaha ya Nyanda za Juu, iliyoko kilimani nje kidogo ya mji wa Iringa, imekuwa ya kwanza kutekeleza Mwongozo wa Mizania ya Usingizi na Furaha.

Mimi naitwa Joachim, Afisa Mizania. Cheo hiki hakikuwepo, kilianzishwa ndipo nikapewa. Wanaosema nilikipata kwa sababu mke wangu ni binamu wa Mkurugenzi wana wivu tu. Ubinamu wenyewe ni wa kukutana misibani.

Mwongozo ni mwepesi, hata mtoto wa chekechea anauelewa, ingawa analia. Kila mgeni anayetaka kupanda chochote sharti kwanza alale mchana katika Ukumbi wa Usingizi. Akishalala haamshwi, hata na mzazi wake. Akiamka mwenyewe anagongwa mkononi muhuri wa AMELALA, na furaha anayoruhusiwa inakuwa sawasawa na usingizi aliolala, isizidi wala isipungue. Usingizi wa usiku hauhesabiwi. Hayo ni mambo ya mtu na familia yake, Bustani haiingilii.

Mwanzoni palikuwa na udanganyifu. Lilikuja kundi la watoto kutoka Rujewa, wakajilaza na kukoroma kwa kupokezana, sauti ya kwanza, ya pili na besi. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikakaa tena. Tukaona kwamba hakuna serikali inayoweza kuingia ndani ya kichwa cha mtu. Tukaamua: aliyefumba macho amelala, aliyefumbua yuko macho, mjadala umefungwa. Kifungu hicho nilikiandika mimi kwa mkono wangu na nilikuwa najivunia sana.

Wapo pia waliokosea upande wa pili. Mwalimu Bertha wa Mbeya alikuja kupumzika kutokana na kelele za darasani, akalala ukumbini mpaka chakula chake cha mchana kikapoa. Alipoamka akataka kwenda kunywa chai. Nikamweleza kwa upole kwamba amelala kupita furaha yake, kwa hiyo anadaiwa furaha. Tukampandisha bembea, tukambembeza mpaka deni likaisha, yeye akituomba tumshushe na sisi tukimwomba atabasamu. Mizania haiangalii sura ya mtu, na ndio uzuri wake.

Sasa nije kwa Bi Severina, maana bila yeye taarifa hii ingekuwa imeishia hapa na mimi ningekuwa nyumbani.

Bi Severina ni mkulima wa viazi kutoka Kilolo, mjane, bibi wa wajukuu wengi. Alikuja likizo ya siku tatu na kina mama wa usharika wao, gari la usharika likiendeshwa na Aroni, aliyemwoa binti yake. Hakuja kula bisi wala kupigwa picha. Alikuja kupanda gurudumu kubwa, lile linaloonekana tangu barabara kuu. Aliniambia siku ya kwanza tu, baada ya kunipa kamwene, salamu ya kwetu, na kuniuliza habari za nyumbani, za mvua, na za ng'ombe ambao sina. Alisema amelima miteremko maisha yake yote, kichwa chini mgongo juu, na kila akiinuka kujinyoosha anaikuta milima imemsimamia juu ya kichwa. Alitaka mara moja tu aitazame kutoka juu, kabla magoti hayajamgomea.

Nikamwambia ni ombi zuri sana, akalale.

Kumbe hapo ndipo pagumu. Ukumbi wa Usingizi ni mmoja, na Mwongozo unasema waliokuja pamoja watalala pamoja, ili kurahisisha usimamizi. Dereva naye ni wa kundi. Nilipopita kukagua nikamkuta Aroni kwenye godoro la mwisho, amekaa wima, uso ameuelekeza ukutani. Kona ya pili Bi Severina naye amekaa wima, khanga kichwani, ameelekea ukuta wake. Kati yao kina mama wote walikuwa wamelala fofofo.

"Mwanangu, mkwe wangu yumo humu," bibi aliniambia kwa sauti ya chini. "Ninyooshe miguu mbele yake? Nifumbe macho, khanga iteleze, mdomo ubaki wazi? Bora nife na hamu yangu."

Jamani, mimi ni mzaliwa wa huku huku. Najua kwamba mtu na mama mkwe wake hawatazamani ovyo, na wakikutana njiani mmoja wao ghafla anakuwa na jambo la kuangalia porini. Lakini mila haikuambatanishwa kwenye Mwongozo. Nilipeleka pendekezo Aroni akalale garini, Mkurugenzi akalikataa, kwa sababu aliyelala nje ya ukumbi hajalala hata akikoroma. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili ikapita. Wenzake walipanda gurudumu, wakashuka wanacheka na kuhadithiana walichokiona huko juu, na Bi Severina ndiye aliyewashikia mikoba. Roho iliniuma, nakiri, lakini iliniuma kwa kufuata taratibu.

Siku ya tatu ilikuwa ya mwisho kwao. Gari lilikuwa liondoke kabla jua halijazama, na kwa magoti yale, kurudi mwaka mwingine ni ndoto. Siku hiyo hiyo ilikuwa ya mgeni rasmi. Kamishna Philbert kutoka makao makuu alikuwa anakuja kuzindua Mwongozo. Ulikuwa umeshatumika muda, ndiyo, lakini jambo lisilozinduliwa bado halijaanza. Ratiba ilisema atafika asubuhi, kwa hiyo sote tulielewa kuwa ni alasiri.

Mkurugenzi wetu, Ndugu Liberatus, alipoambiwa kuna mama mtu mzima anayemaliza likizo bila muhuri, alishtuka. Kamishna akimwona ataulizwa nani? Ndugu Liberatus ni kiongozi makini. Gurudumu lile hajalipanda hata siku moja, husema kiongozi bora lazima miguu yake iwe ardhini, na akilazimika kupita karibu nalo hupita akishika ukuta. Akaenda ukumbini mwenyewe kumwona bibi. Akamfafanulia kwa kirefu kwamba usingizi ni haki yake ya msingi na hana budi kuitumia. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akajibu kwamba haki ameipokea, ila mkwe yumo.

"Basi nitaongoza kwa mfano," alisema Mkurugenzi. "Joachim, waite wakuu wa vitengo."

Tulikuwa tumetoka mezani. Palikuwa na wali wa Mbarali, ule unaonukia mpaka getini, na kuku wa kienyeji, na maharage, na ndizi mbivu za kushindilia. Kilikuwa chakula cha mgeni rasmi. Tulikionja kwanza kwa ajili ya usalama wake, na kwa kuwa usalama hauna mzaha tulikionja mpaka chini. Mkurugenzi akavua koti lake lenye beji, akalitundika kwenye kiti kilichokuwa jirani na Bi Severina. Yeyote aliyewahi kufuata huduma ofisini anajua maana ya koti kwenye kiti: mwenyewe yupo, hayuko mbali. Akajilaza. Na sisi wakuu wa vitengo tukajilaza kwa kufuata vyeo. Nje upepo wa Iringa ulikuwa unakata masikio, ndani blanketi zito, na magodoro tuliyanunua dukani kwa Moiz pale Mlandege, mimi mwenyewe nikisisitiza yawe laini. Nilikusudia kufumba macho kidogo tu.

Sehemu inayofuata naitoa kwa niaba ya Dastan, opareta wa gurudumu, kwa kuwa mimi wakati huo nilikuwa kazini, nimelala.

Dastan anasema msafara ulifika na king'ora, hakuna aliyetoka kuupokea. Kamishna akaingia ukumbini mwenyewe, na wapiga picha nyuma yake. Akakuta menejimenti nzima iko chali. Mkurugenzi alikuwa anakoroma sauti zote tatu za watoto wa Rujewa, peke yake. Walio macho walikuwa wawili tu: mwanamume ameelekea ukuta wa huku, na bibi ameelekea ukuta wa kule, amevaa koti la Mkurugenzi. Baridi ilimzidi, na koti lilikuwa limekaa bure.

Dastan anaapa kwamba alitaka kutuamsha. Lakini mlangoni pamebandikwa kwa herufi nyekundu kwamba aliyelala haamshwi, na chini yake kwamba ofisi haiachwi wazi: msimamizi akilala, aliye macho ukumbini ndiye kaimu. Tulikiweka kifungu hicho ili mimi na Mkurugenzi tuweze kupokezana. Kamishna alisoma vyote viwili. Akamtazama Aroni, ambaye hakugeuka. Akamtazama bibi, akaitazama beji, kisha akainama.

"Shikamoo, Kaimu Mkurugenzi."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene. Hawajambo nyumbani? Na ng'ombe je?"

Kamishna alijibu yote, na kumbe yeye ng'ombe anao, kwa hiyo salamu zilichukua muda. Kisha akauliza utepe utakatwa saa ngapi. Bi Severina akasema utepe haukimbii, ila kuna agizo moja la kiofisi. Kwa kuwa mkwe hasemeshwi uso kwa uso, aliuambia ukuta. Akautuma ukuta umwambie mwenye gari atoke akajinyooshe garini, maana ana watu wa kuwafikisha Kilolo salama, na kwamba kuanzia leo gari nalo ni ukumbi. Aroni akauambia ukuta wake kwamba amesikia na anashukuru, akatoka kinyumenyume. Kwa hiyo Mwongozo ulirekebishwa bila kikao, bila posho, na hata bila chai. Sijui nchi inakwenda wapi.

Mkwe alipotoka, Bi Severina alifumba macho. Alisali Baba Yetu, taratibu, mpaka amina, na Kamishna na msafara wake wakasimama kimya. Akafumbua. Akachukua muhuri, akajigonga mwenyewe mkononi, na hakuna aliyeweza kusema hajalala, kwa sababu ya kifungu changu.

Usingizi wa Baba Yetu moja ni furaha ya mzunguko mmoja, na mmoja ndio aliokuwa anautaka. Dastan anasema alipomfikisha kileleni alisimamisha mashine bila kuulizwa. Bibi alikaa kule juu na koti la watu, ametulia, anaangalia upande wa Kilolo. Aliposhuka alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Kumbe midogo," alisema. "Milima yote ile. Midogo tu."

Sisi tuliamka jua limeshainama. Mlangoni alisimama Kamishna, mkononi ana kipande cha utepe uliokatwa. Mkurugenzi alianza kuomba radhi, Kamishna akamzuia. Alisema amezindua miongozo mingi, ila hajawahi kuona mwongozo unaotekelezwa kuanzia juu, na viongozi wenyewe, kwa moyo namna hii. Alikuwa hatanii hata kidogo. Mkurugenzi akaanza kutabasamu. Hapo ndipo Bi Severina, aliyekuwa anakusanya mikoba yake, akauliza kitu kwa nia njema kabisa.

"Hawa wanangu wamelala mchana mzima. Yule mwalimu wa Mbeya si nimesikia alidaiwa furaha?"

Mkurugenzi akazungumzia mgongo wake, shinikizo la damu, na miguu ya kiongozi kuwa ardhini. Kamishna alimsikiliza kwa heshima zote.

"Ndugu Liberatus, Mwongozo ni wako," alisema. "Nimeusoma wote. Hauna mwanya."

Taarifa hii naiandika nikiwa kwenye gurudumu, kiti kimoja na Mkurugenzi. Wakuu wa vitengo wengine wako viti vya nyuma yetu, mmoja anatapika. Deni lenyewe lilikuwa kubwa lakini lingeisha. Tatizo ni kwamba kila tunapokaribia juu Mkurugenzi anafumba macho kwa woga, na aliyefumba macho amelala. Dastan anamwona kutoka chini, anaongeza deni. Nimemsihi afumbue. Nimembembeleza kwa jina la mke wangu, binamu yake. Ananiambia nyamaza Joachim, na anafumba zaidi.

Nilimpigia Dastan kelele atushushe. Akajibu kwa adabu kwamba hana mamlaka hayo. Msimamizi akiwa usingizini, anayeweza kutoa ruhusa ni kaimu peke yake, naye ni yule aliyekuwa macho ukumbini, si mdaiwa aliye kwenye gurudumu. Nikamwambia kaimu ni Bi Severina, na gari la usharika nimeliona kwa macho yangu likitoka getini na kushika njia ya Kilolo.

Dastan akanyoosha kidole kwenye kile kiti, ambacho sasa kimewekwa nje, chini yetu kabisa. Bi Severina ni mwadilifu, hakuondoka na mali ya ofisi. Koti amelitundika vizuri kwenye kiti, beji imetazama mbele.

"Mwenyewe yupo," akasema Dastan. "Hayuko mbali. Msubirini."