Vipimo Vinakuja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimezindua mradi! Saa nne asubuhi, juu ya meza ya kukatia nguo ya shangazi, baada ya kusogeza mkasi na chaki zake. Mradi huria, yaani kila mtu duniani anaruhusiwa kuuona, kuuchukua na kuurekebisha bure. Jina lake Mkato. Ni programu ya mafundi cherehani. Unaiandikia kiuno, kifua na urefu wa mteja, nayo inakuonyesha namna ya kupanga vipande juu ya kitambaa ili usitupe hata cha kufungia kidole.

Ukurasa umependeza mno. Una nembo (mkasi unaotabasamu), una maelezo, una shukrani kwa wote waliochangia. Bado hajachangia mtu, ila shukrani ziko tayari. Chini kabisa nimeandika: "Msimbo chanzo na vipimo vinakuja." Msimbo chanzo ndiyo programu yenyewe jinsi ilivyoandikwa. Vipimo ni vya kuhakikisha kwamba haidanganyi. Wengine husema majaribio. Sikutaka. Majaribio ni neno la mtu asiyejiamini.

Mpango ni huu: mimi nimetoa wazo, ulimwengu utatoa msimbo. Nilisoma mahali kwamba ndivyo inavyokwenda.

Haraka yangu ni Jumamosi. Kituo cha kompyuta kinachagua watu wa kusomeshwa miezi sita, mtu mmoja kwa kila mradi, na mradi lazima uwe na msimbo na vipimo vinavyoonekana. Nina miaka thelathini na minne. Tangu duka la picha nililofanyia kazi lifungwe, kazi yangu ni kushika ncha ya pili ya kitambaa shangazi anapokunja. Naitaka ile nafasi kufa na kupona.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Wageni ukurasani: kumi. Nane ni mimi. Mmoja ni shangazi, aliyebonyeza kwa bahati mbaya akitafuta mkasi wake. Wa kumi ni Miwani.

Miwani ni fundi simu wa chumba cha pili. Anajua kuandika programu, na ubaya wake ni kwamba anajua kwamba anajua. Kaacha swali mbele ya ulimwengu mzima: msimbo uko wapi? Nikamjibu kwamba uko njiani. Akauliza unatokea wapi. Nikalifunga swali na kuliwekea alama ya "limejibiwa". Akaja mpaka mlangoni kuniuliza kwa mdomo! Nikajifanya nahesabu vifungo. Nilifika mia nne ndipo akaondoka.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimegundua kosa. Watu wanataka kuongozwa. Nimeweka orodha ya kazi. Kazi ya kwanza, niliyoiandikia "rahisi, inawafaa wageni": kuandika programu yote. Ya pili: kuandika vipimo. Ya tatu, ile ngumu, nimejiachia mwenyewe: kuchagua rangi ya mkasi.

Hadi saa sita, kimya. Roho juu juu. Kisha wazo likanijia! Shangazi yumo kwenye kundi la simu la mafundi cherehani, watu mia tatu na ushee. Msimbo hawauwezi, lakini hakosekani mwenye mpwa au shemeji anayeuweza. Nikamwomba awatumie anwani ya ukurasa na maneno mafupi: "Mradi wetu unahitaji vipimo. Tafadhali leteni." Shangazi akaniuliza kama nina hakika na hilo neno. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba hapo ameingia kwenye fani yangu. Akatuma, akarudi kwenye pindo lake.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

MIA MBILI NA KUMI NA VIWILI!

Vipimo mia mbili na kumi na viwili, kwa usiku mmoja na asubuhi moja! Sikuvifungua hata kimoja. Nilivaa miwani ya mbao nikaenda moja kwa moja kwa Miwani, mbele ya wateja wake, nikamwambia ulimwengu umeitika. Akaweka simu ya mtu chini. Akaja. Akafungua cha kwanza, akakisoma kwa sauti, pole pole, shetani yule:

"Kiuno inchi thelathini na nne. Nyonga arobaini na mbili. Bega kumi na sita. Gauni la mikono mirefu, mama wa duka la mkate, hapendi kubanwa. Kitambaa mita tatu, kilitosha."

Cha pili, suruali ya mwalimu mwenye mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Cha tatu, koti la mlinzi. Vyote hivyo hivyo! Mafundi wa watu wameombwa vipimo, wameleta vipimo. Miwani alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilikaa juu ya mfuko wa makapi ya vitambaa, nikatamani ardhi ipasuke.

Nikasema nafuta takataka zote. Shangazi akasimamisha cherehani. Ikisimama katikati ya mshono, ujue umeyatimba. Akasema kuna mzee amekesha akinakili daftari lake la miaka thelathini kwa ajili yangu, nami naliita takataka. Kisha akaniambia hivi, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Ulisema mwenyewe kwamba vipimo ni vya kujua kama programu inadanganya. Haya. Huyu mama kitambaa chake kilikuwa mita tatu, na nguo aliivaa. Programu yako ikisema mita nne, si imedanganya? Sasa unataka vipimo gani vingine, mwanangu?"

Nikamweleza kwamba mambo ya kompyuta hayaendi hivyo. Niligeuka ili Miwani aniunge mkono. Miwani alikuwa ameacha kucheka, anamtazama shangazi kama mtu aliyekumbuka kitu. Akaomba kiti.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Wananiibia mradi. Kutwa nzima Miwani na shangazi wako mezani, yeye anaandika msimbo, shangazi anamweleza kwa nini mkono haukatwi kabla ya bega. Duka la simu kalifunga! Nikakalia waya wa kuchajia kompyuta, kama kwa bahati mbaya. Shangazi akaniambia niinuke, bila hata kunitazama.

Saa nane wakajaribu programu, waone kama itataja kitambaa kile kile walichotumia mafundi. Vipimo mia moja na tisini vikakubali. Ishirini na viwili vikagoma. Miwani akakuna kichwa, akapekua msimbo wake mstari kwa mstari. Shangazi akauliza tu ni vitambaa gani. Wakaangalia. Vyote vya mistari! Akasema kitambaa cha mistari huwezi kukipanga unavyotaka, mistari lazima ikutane kwenye mshono, kwa hiyo kinakula zaidi. Miwani akamwita shangazi "mwalimu". Akarekebisha. Saa kumi kasorobo vyote mia mbili na kumi na viwili vikakubali, na machozi yakanilengalenga. Nakiri.

Kisha Miwani akautuma msimbo kwenye ukurasa wangu, maana mwenye kuidhinisha ni mimi. Nikabonyeza "Kubali". Kwa kidole hiki hiki. Kwa hiyo mradi, tukisema ukweli, nimeujenga mimi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kituoni. Shati limepigwa pasi. Niliwaomba shangazi na Miwani waje wakae nyuma, wanipigie makofi. Miwani hana shida na nafasi, alishasoma pale mwaka juzi.

Nilieleza dira ya mradi kwa dakika kumi. Nilieleza hata tabasamu la mkasi. Mwalimu mkuu wa kituo, mama mtaratibu, aliyekwisha kusoma maelezo aliyoyaacha Miwani ukurasani, akauliza swali moja tu: kwa nini vile ishirini na viwili viligoma mwanzoni? Nikasema ni changamoto za ukuaji. Akasubiri. Nikasema na mtandao ulikuwa chini. Ndipo sauti ikatoka nyuma ikieleza habari ya mistari na mshono, na mwalimu akamwita mwenye sauti aje mbele. Shangazi akaja na mkoba wake. Wakaongea robo saa, mimi nikiwa nimesimama katikati yao kama nguzo ya umeme.

Nafasi kapewa shangazi.

Iliniuma, sitaficha. Njiani nilikuwa natafuta neno kali la kusema. Kisha nikamtazama. Alikuwa anatembea na ile barua kaishika kwa mikono miwili. Akasema aliacha shule darasa la tano, na hajawahi kuandikiwa barua yenye jina lake lote. Akauliza duka ataliacha na nani. Nikasema na mimi, na nilimaanisha.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Shangazi kaondoka saa moja unusu, daftari jipya kwapani, kapendeza. Maagizo yake: niuze nyuzi na vifungo, niwape watu nguo zilizokwisha, nisipokee kazi mpya hata moja. Alirudia mara mbili. Akarudi kutoka kwenye kona, akarudia ya tatu.

Saa tatu akaingia bibi harusi. Anataka gauni la Jumamosi ijayo. Moyo wangu si jiwe! Saa nne wakaja mabwana watatu wa suti. Saa tano, msimamizi wa ukumbi, mapazia ya madirisha kumi na nane. Wote nimewapokea, wote wametoka wanatabasamu. Mimi kupitisha uzi kwenye sindano ya cherehani sijui, lakini hilo ni jambo dogo, la utekelezaji. Wazo limeshatolewa.

Nimechora bango zuri sana: "Ushonaji Huria. Fundi yeyote anakaribishwa kuchangia." Nimelitundika mlangoni na picha nimetuma kwenye lile kundi, kwa simu ya dukani, ile shangazi anayoitumia kundini. Kazi nimezipanga: gauni la harusi nimeliandikia "rahisi, linawafaa wageni". Viti vinne nimevitoa nje nikavifuta vumbi.

Saa tisa sasa. Hajafika mtu bado. Lakini kuna mama amesimama ng'ambo ya barabara anasoma bango, na kashika mkasi.