Yah: Malalamiko Dhidi ya Basi Linalofika kwa Wakati

Ndugu Mkurugenzi wa Mipango Miji,

Natumaini u mzima na kazi zinakwenda. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko pale mtaa mpya unapoishia, na wateja wameniita Fundi Kesho. Jina hilo sikulichagua, lakini nimelizoea. Nakuandikia kwa heshima zote kuhusu basi lenu jipya, pamoja na njia zenu za waenda kwa miguu na baiskeli. Mkurugenzi, mmeniharibia kazi.

Miaka yote tulikuwa tunaelewana. Ninyi mliahidi barabara kila bajeti, mimi niliahidi nguo kila Ijumaa, na hakuna aliyemsuta mwenzake. Mtaa ukakua, nyumba zikajaa kila kona, barabara ikabaki tope. Mteja akishakuja mara moja hakuwa na hamu ya kurudi mpaka mwezi uishe, na mwezi ukiisha nguo imeshonwa. Ghafla mmetimiza ahadi! Jamani, hata kutuonya?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wateja wanakuja siku niliyowaambia. Namwambia mtu Ijumaa, na Ijumaa huyu hapa, viatu vikavu, anaulizia suruali yake. Zamani nikisingizia umeme alinipa pole. Siku hizi amepita mitaa yote kwa basi na ameona taa zinawaka.

2. Njia ya miguu mmeipitisha chini ya dirisha langu, na kila mpita njia anachungulia. Mwalimu mmoja nilimwapia kwamba nguo yake imebaki vifungo tu. Akakiona kitambaa chake kiko vilevile kilivyotoka dukani, nami nimekifanya mto.

3. Mke wangu alitoka na baiskeli kwenda sokoni, amependeza kweli, akapishana na mwenye gauni. Namaanisha mwenye gauni alilovaa mke wangu. Nilikuwa naliangalia tu kama linakaa vizuri! Bila njia yenu ya baiskeli, wawili hao wasingekutana maishani. Sasa wote wameninunia.

4. Watu wanapungua. Viuno vyao nilivipima enzi wanakaa ndani wakiogopa tope. Sasa wanatembea, wanaendesha baiskeli, na nikija kumaliza nguo inawavuka. Lawama zote kwa fundi, wakati waliopunguza viuno ni ninyi.

5. Hili ndilo linaloniumiza. Binti wa dada yangu anaolewa Jumamosi, na gauni la harusi nashona mimi, mjomba wake. Dada yangu ndiye aliyenilea, na ameapa kwamba nikimwaibisha mwanawe tusijuane tena. Namjua, hatanii. Naogopa, Mkurugenzi, sina dada mwingine. Atakuja kulichukua Jumamosi hiyohiyo asubuhi, kwa basi lenu, na mpaka naandika haya gauni lina mkono mmoja.

Kwa hiyo naomba Jumamosi basi lisitishwe. Kama haiwezekani, basi liharibike kidogo tu, pale darajani, abiria wasiumie. Baadaye njia nzima ihamishiwe mtaa wa mafundi viatu, ambao wamekuwa wakinicheka muda mrefu. Nanyi mrudi kwenye utaratibu wenu wa kusema "mwakani", uliotulea sote.

Nisalimie wahandisi wote, mama wa mapokezi, na dereva wa katapila aliyesawazisha tope langu. Mwambie suruali yake iko tayari, aje kesho.

Wako mtiifu, anayechelewa kwa nia njema,

Fundi Kesho

Nyongeza: Leo ni Ijumaa jioni. Mkono wa pili umeingia na gauni limependeza, nusura nilie. Lakini zipu imekatika mikononi mwangu, na zipu nyeupe ndefu zinauzwa duka moja tu mjini, nalo limeshafungwa. Futa yote niliyoandika hapo juu. Kesho basi la kwanza liondoke mapema, lisisimame ovyo, linifikishe mjini na kunirudisha kabla dada yangu hajagonga mlango. Barua hii nampa dereva wa basi la mwisho akuletee, maana yule hachelewi. Nakusihi, Mkurugenzi, nikifika kituoni asubuhi asije akatokea mtu wa kuniambia nirudi kesho.