Kamera Yangu ya Mwaka 1629

Jumamosi, 2 Februari 2019, Asyut

Kwako Daftari, msikilizaji pekee asiyenikatiza kauli: salamu na heshima. Madhumuni ya kukuandikia ni kuhifadhi kumbukumbu ya haki yangu. Barabara yetu itapanuliwa. Studio zote zitabomolewa, isipokuwa ile itakayothibitisha kwamba kamera yake imepita miaka mia. Agizo la idara ya turathi! Hagg Mitwalli, mpiga picha wa mkabala, anayo kamera kongwe pamoja na stakabadhi yake: 1926. Amepungukiwa miaka saba. Maskini! Mimi, Farghali Abdel-Mawgud, sina stakabadhi yoyote. Asiye na stakabadhi hana mipaka.

Jumatatu, 4 Februari

Nimeifungua kamera. Sanduku la mbao, miguu mitatu, uzito wa ndama. Nikaung'oa mvukuto wa ngozi. Vumbi. Buibui. Kipande cha taamiya, kile kitumbua cha kunde, cha enzi isiyojulikana. Kisha, juu ya ubao wa ndani, kwa kalamu ya risasi: 1629. Alhamdulillahi! Miaka mia tatu na tisini! Nimeandika ombi la kurasa saba. Neno "adhimu" limetumika mara kumi na moja.

Jumanne, 5 Februari

Idara ya turathi. Afisa, Madam Inshirah, alisoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akaniuliza iwapo najua kwamba upigaji picha wenyewe, duniani kote, haujatimiza miaka mia mbili. Nikamjibu kwamba huenda dunia haikuarifiwa. Akasema, kwa upole ulioniudhi, kwamba kamati itaketi Jumapili. Nilete kamera yenyewe na alama yoyote ya kweli iliyo juu yake. Makarani walicheka hadi chai ikamwagikia ukurasa wa nne, ulio bora kuliko yote.

Jumatano, 6 Februari

Habari zimenitangulia mtaani. Hagg Mitwalli ametoa kiti nje makusudi.

"Ustadh Farghali! Nabii Nuhu amefuata picha zake za pasi! Anasema ulimwahidi zitakuwa tayari kabla ya gharika!"

Kinyozi alilazimika kuushusha wembe. Mtu wa kalamu hajibizani na mtu wa kiti. Niliingia ndani, nikatwaa msasa, nikaisugua 1629 mpaka ubao ukang'aa kama upara wa Mitwalli. Aibu imeondoka. Nikala ful ya maharage sahani mbili.

Ijumaa, 8 Februari

Upepo wa Amshir umeanza, siku ileile ya kwanza ya mwezi huo wa dhoruba. Amekuja Sitti Marsa, bintiye fundi Bisada, Mkristo wa Kikopti aliyemuuzia marehemu baba studio hii. Alitaka picha ya kitambulisho. Nikamsimulia masaibu yangu kwa ufupi wa nusu saa. Akauliza kama nina akili timamu.

"Mwanangu, Amshir unaijua ikikupeperushia bango, hukujua kwamba ina mwaka wake? Baba aliandika kwa hesabu yetu ya Kikopti. Ongeza mia mbili themanini na nne."

Nikaongeza. 1913! Miaka mia moja na sita! Nilikuwa nimeokoka tangu Jumatatu! Akasema yu tayari kuapa mbele ya kamati kwamba mwandiko ni wa babake. Ila kwanza auone. Nikamwarifu kwamba mwanga si mzuri. Akawasha taa mwenyewe. Akautazama ubao. Akanitazama mimi. Akaondoka bila picha, na la kuapa hakulitaja tena.

Jumapili, 10 Februari

Kamati yaketi saa nne. Imenibidi kuurejesha ukweli mahali pake kwa mkono wangu. Nimetumia wino wa buluu, kwani risasi haionekani vizuri kwa wenye umri wa kukaa kwenye kamati. Hata hivyo nilitafakari. 1913 yapita mia kwa miaka sita tu. Je, wakipunguza, kama ilivyo kawaida ya wenye ofisi? Busara yataka mtu aache nafasi ya kupatana. Kwa hiyo nimeandika 1529, hesabu ya Kikopti, ambayo kwetu ni 1813. Nimeongeza karne moja pekee. Madam Inshirah hawezi kusema sikuzingatia ushauri wake. Ombi, safari hii, ni fupi:

Waheshimiwa, kamera hii ina umri wa miaka mia mbili na sita, kama ubao unavyoshuhudia. Naomba uamuzi wenu leo.