Njia Yote Ndani ya Kitambaa cha Jasho

Jumatatu, 15 Aprili 2013
Lodwar. Joto. Nimepata akili kubwa. Shirika la visima linatafuta mwelekezi wa njia, mmoja tu. Atapewa koti la mifuko minane. Nalitaka koti lile kuliko chakula. Mshindani wangu ni Mutua wa duka la simu. Simu yake ina ramani inayosogea, na anaionyesha hata kwa watu wanaojua kwao.

Mimi nina gazeti la zamani. Linasema kabla ya simu hizi watu walitembea na ramani za ajabu. London walichora mji mzima kwenye glavu ya mama. Wengine walivaa ramani mkononi kama saa, wakiiviringisha. Askari walificha za hariri. Mutua ajaribu kukunja simu yake.

Jumanne, 16 Aprili
Kakuma, kambini. Mading, fundi cherehani kutoka Sudan Kusini, amenikatia vitambaa kumi na viwili vyeupe vya kufutia jasho. Akashauri tushone njia kwa uzi. Nikasema nitachora kwa kalamu ya kuandikia katoni. Akauliza kama wino huo unajuana na jasho. Fundi abaki na nguo.

Nimechora mpaka mkono ukafa ganzi. Barabara. Laga mbili, ile mito mikavu ya mchanga mtupu. Halafu kwa maandishi makubwa: UKIFIKA KWA LOMURIA KATA KUSHOTO. Hapo ndipo kisima cha majaribio kilipo. Boma la Lomuria nalijua. Nilikula mbuzi pale Januari.

Alhamisi, 18 Aprili
Shangazi Namuar amekiona kitambaa. Akakigeuza juu chini. Akauliza Lomuria atakaaje hapo ndani na mvua imeshanyesha. Nikamweleza kwamba hii ni ramani. Akasema Lomuria ana miguu. Shangazi hakusoma, namsamehe. Kesho anataka lifti hadi Kakuma.

Ijumaa, 19 Aprili
Siku ya majaribio: atakayetufikisha kisimani anapata kazi. Mkubwa wa safari ni Injinia Ekal, mnene, mtu wa jasho. Nikampa kitambaa kimoja zawadi, vingine nikaviacha nyumbani. Akafurahi, akajifuta njia nzima.

Simu ya Mutua iliongea vizuri hadi Kakuma. Lakini barabara ni moja, hata mbuzi angetufikisha! Shangazi akasema hashuki, ataona mwisho wake. Mbele kidogo mtandao ukakatika. Mutua akaitikisa simu. Nilikaribia kuimba. Nikamwomba injinia afungue kitambaa.

Kilikuwa na ukungu mweusi tu. Njia yenyewe ilikuwa usoni kwake. Laga shavuni, Kakuma puani. Nikajaribu kumsoma, lakini kila kitu kimegeuka, na injinia hapendi kushikwa kidevu.

Hata hivyo maneno makuu nilikuwa nayo kichwani. Tukawauliza wachungaji kwa Lomuria ni wapi. Wakatuelekeza. Tukamkuta mwenyewe, tukasalimiana ejok, ejok, akatupa maziwa. Nikaamuru dereva akate kushoto. Gari likazama ndani ya laga hadi milangoni.

Kumbe Lomuria alihama wiki mbili zilizopita, kufuata majani. Ramani ilisema kwa Lomuria. Kwa Lomuria tulifika. Sioni kosa langu.

Shangazi akashuka, akatazama nyayo za mbuzi wenye kiu, akaondoka bila kuaga. Tukamfuata kwa miguu. Kisima kikatokea kabla injinia hajamaliza kunilaani.

Jumamosi, 20 Aprili
Kazi amepewa Shangazi. Koti linamfika magotini. Mfuko wa kwanza ameshatia tumbaku. Nimeumia sana. Nimelia nyuma ya choo, nikamkuta Mutua yuko huko huko.

Jioni Shangazi ameniita, akaniambia taratibu, kama anayemfundisha mtoto, kwamba Turkana huwezi kumfunga mtu mahali kwa kalamu. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, macho yangu yako kwenye mifuko.

Jumapili, 21 Aprili
Kanisani, katikati ya mahubiri, nimegundua kosa. Kitambaa kilikuwa kidogo! Sasa nitachukua shuka la kitanda. Maboma yote ya Turkana yataenea, kuanzia Kaikor hadi Katilu, na jina la kila mzee.

Nimeshamwandikia chifu barua. Naomba watu wote wasihame mpaka wino ukauke.